Nilisimama sokoni bila kuitikia salamu: kazi hii ya video ni yangu au ni ya waliopita?

Mwanafunzi wa Kihesa (Iringa)

Wakubwa wangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Ninaleta swali ambalo nimeshindwa kulimaliza peke yangu, nikiamini kwamba humu wamo watu wanaoifahamu sanaa ya video kuliko mimi.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikijifunza sanaa ya video inayotokana na utendaji, yaani ile ambayo msanii hutumia mwili wake mwenyewe mbele ya kamera, bila hadithi ya kuigiza wala maneno yaliyoandikwa kabla, ili jambo fulani lipate kuonekana. Mada niliyojichagulia ni mtu binafsi na jamii. Baada ya kuzunguka sana na mawazo makubwa makubwa, niliona kwamba hapa kwetu hakuna kinachomfunga mtu kwa wenzake kila siku kuliko salamu. Mtu huambiwa "Kamwene" na asiyemjua kabisa, na asipoitikia huhesabiwa kuwa ana kiburi, ana msiba au ni mgonjwa. Nikaamua kuiondoa salamu ili nione kitakachobaki.

Jumamosi moja asubuhi nilisimama karibu na lango la soko moja hapa mjini, nimeshika kwa mikono miwili mdomo wa gunia tupu la viazi, yale magunia ya lumbesa ambayo mkulima hulaumu kila msimu na kila msimu huyajaza. Kanuni nilizojiwekea zilikuwa tatu: nisisogee, nisiseme, nisimtazame mtu usoni. Rafiki yangu aliweka simu kwenye stendi ng'ambo ya njia, barazani kwa duka la vifaa vya ujenzi, na kwa kuwa pale pana bidhaa nyingi zilizopangwa nje, hakuna aliyeiona. Nilisimama dakika 41.

Dakika kumi za mwanzo hazina kitu, watu walipita tu. Kisha kijana anayeuza soksi akaanza kunitania kwamba ninasubiri mvua ya viazi, wenzake wakacheka, na kutoka hapo gunia likaanza kutumika. Mmoja alitupia ganda la ndizi, mwingine jani la kabichi lililonyauka, mtoto mmoja akaweka sarafu ya shilingi mia mbili na kukimbia. Halafu akaja bibi mmoja wa rika la bibi yangu mzaa mama. Alinisalimia mara tatu. Mara ya tatu akaweka kapu lake chini, akanishika kifundo cha mkono, akaniuliza kama nimekula. Sikumjibu. Akatoa viazi viwili kapuni, akavitia kwenye gunia taratibu, kama mtu anayeogopa kuviumiza, akaondoka akigeuka nyuma. Baada ya muda mlinzi akaja kuuliza kibali, na kazi ikaishia hapo.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, kilicho sanaa hapo ni kipi: kusimama kwangu au waliyoyafanya watu? Maana nikiitazama video, mimi ndiye kitu kinachochosha kuliko vyote vilivyomo. Pili, anayenielekeza anataka niikate ibaki dakika tatu na kuwekewa muziki, kwa hoja kwamba hakuna atakayevumilia dakika 41. Nami naona kwamba nikiikata, nitakuwa nimebakiza vituko na kuondoa kusubiri. Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi, yule bibi hajui hadi leo kwamba alirekodiwa, wala hajui kwamba nilikuwa mzima na nimeshiba.

Dada wa Uyole (Mbeya)

Mdogo wangu, pole kwa kusimama na hongera kwa kuliona hilo la salamu, kwa sababu wengi wanaoanza sanaa hii hukimbilia kujifunga minyororo na kujipaka rangi nyeupe usoni, wakidhani kwamba mateso yanayoonekana ndiyo maana yenyewe.

Nianze na mahali ilipowekwa kamera, kwa kuwa swali lako la kwanza limejificha hapo. Umesema kwamba unajichosha mwenyewe ukiitazama video. Ni kwa sababu kamera ilikutazama wewe usoni. Msanii Mkorea Kimsooja, katika kazi yake A Needle Woman ya mwaka 1999 hadi 2001, alisimama wima bila kusogea katikati ya mitaa yenye msongamano katika miji minane: Tokyo, Shanghai, Delhi, New York, Mexico City, Cairo, Lagos na London. Lakini yeye aliipa kamera mgongo. Mtazamaji hauoni uso wake hata mara moja. Anachoona ni nywele ndefu zilizofungwa, mgongo uliotulia, na nyuso za mamia ya watu wanaomjia, wengine wakimkwepa bila kumtazama, wengine wakisimama kumshangaa. Mji mmoja hauonyeshi uso ambao mji mwingine unaonyesha, na tofauti hiyo ndiyo inayobaki kichwani, kwa sababu yeye ni yuleyule kila mahali. Mwili wake umekuwa kipimo. Nawe ulikuwa kipimo pale langoni, ila ulikirekodi kipimo badala ya kurekodi kinachopimwa. Kama ungesimama na mgongo kwenye kamera, uso wa yule bibi ungetujia sisi.

Kuhusu ni nani mwenye kazi, nafikiri jibu lipo katika chombo chenyewe. Kabla ya mwaka 1967, ambapo kampuni ya Sony ilitoa mtambo wa kurekodi video unaoweza kubebwa na mtu mmoja, ule uliokuja kuitwa Portapak, video ilikuwa mali ya vituo vya televisheni. Mtambo ule ulipofika mikononi mwa wasanii, wengi walijifungia nao chumbani, wakaigeuza kamera kuwa kioo. Vito Acconci mwaka 1971 alijirekodi kwa zaidi ya dakika 20 akinyoosha kidole katikati ya skrini, kwa hiyo anayetazama ndiye anayeonyeshwa kidole muda wote huo. Martha Rosler mwaka 1975 alisimama jikoni akataja vyombo kimoja kimoja kwa mpangilio wa alfabeti, akionyesha matumizi yake kwa hasira iliyobanwa, na kwa dakika kama sita tu akaeleza juu ya mwanamke na jiko mambo ambayo hotuba ingehitaji saa nzima kuyagusa. Wote hao walikuwa peke yao, lakini jamii ilikuwamo chumbani kwa namna ya kidole na kisu. Wewe umetoka nje ya chumba. Ukishatoka nje, waliopita wanakuwa watendaji wenzako, wapende wasipende, na ninaona kwamba cheo kinachokustahili ni cha aliyeweka kanuni.

Sasa la kukata. Usiweke muziki, nakuomba. Muziki utamwambia mtazamaji ahurumie wapi na acheke wapi, na hapo yule bibi atageuzwa kuwa mhusika wa tamthilia. Lakini kukata si kosa, mradi kuwe na kanuni kama ilivyokuwa kwenye kusimama. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Tehching Hsieh, mzaliwa wa Taiwan aliyekuwa akiishi New York. Kuanzia tarehe 11 Aprili 1980 hadi tarehe 11 Aprili 1981 aligonga kadi kwenye saa ya kiwandani, ile ambayo mfanyakazi huandikishia muda wa kuingia kazini, kila saa moja, usiku na mchana, mwaka mzima, na kila alipogonga alijipiga picha moja ya filamu. Siku moja ilizaa picha 24, na filamu huenda picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo kila siku ya maisha yake ikawa sekunde moja, na mwaka wote ukaisha katika dakika sita hivi. Alianza akiwa amenyoa upara, ndiyo maana nywele zinakua mbele ya macho yako kama majani ya mahindi baada ya mvua. Kati ya mara 8,760 alikosa 133, na alizihesabu akaziandika pia. Ule ni ufupisho mkali kupita huo unaotakiwa kwako, lakini hakuchagua vituko. Kila saa ilipewa nafasi sawa na nyingine. Tafuta kanuni yako ya namna hiyo, kisha ukate utakavyo.

La tatu nawaachia wenye hekima zaidi.

Mzee wa Tukuyu

Marahaba, mjukuu wangu. Mimi si msanii wa video, nilifundisha historia hadi nilipostaafu, lakini mjadala huu nimeusoma wote kwa makini.

Nina shaka moja na msamiati wenu. Mnasema "mtu binafsi na jamii" kana kwamba ni watu wawili wanaokutana njiani, mmoja akiwa amesimama na mwingine akipita. Huku Unyakyusa zamani, kijana wa kiume alipofika miaka kumi hivi alitoka kwa wazazi akaenda kujenga vibanda pamoja na wenzake wa rika lake, na vibanda vile vikakua vikawa kijiji chao, wakaoa humo na kuzeekea humo. Aliyekuja kutoka nje angedhani kwamba watoto wale wameiasi jamii. Walikuwa wanaitimiza. Kuwaacha wazazi ndiko kulikokuwa kuingia kwa watu wengine, na katika safari ile hapakuwa na mahali pa kusimama peke yako na gunia.

Tena msije mkadhani kwamba kutumia mwili kuisema jamii ni jambo lililoletwa na mtambo wa Sony. Nendeni kandokando ya Ziwa Nyasa mtazame mganda. Vijana wanapanga mstari, wanapiga hatua za kijeshi, wana vyeo, wana usafi wa mavazi unaokaguliwa. Ngoma ile ilizaliwa na watu walioona gwaride la wakoloni na vita vya mwaka 1914 hadi 1918, wakalichukua gwaride lilelile lililowatisha wakalifanya kuwa lao, la kujivunia na la kushindania. Mchezaji mmoja akikosea hatua, mstari mzima unaumbuka. Hapo mnaona mtu na jamii kwa pamoja, bila mtu kueleza.

Lakini tofauti ninayotaka kuisema ni hii. Katika ngoma, anayetazama naye hutazamwa. Mimi nikisimama uwanjani kumtazama mchezaji, yeye ananiona, jirani ananiona, na nikicheka vibaya nitaulizwa. Wewe ulimwona yule bibi na bibi hakujua kwamba anaonwa. Kutoitikia salamu si kosa lako kubwa, mjukuu. Hilo lingeweza kuitwa mchezo, na michezo ya namna hiyo tunayo kwa watani. Kosa ni kwamba mtani hujitambulisha mchezo unapoisha, na wewe hukujitambulisha. Bibi yule bado yumo ndani ya mchezo wako. Kila akipita langoni pengine anakutafuta kwa macho.

Dada wa Uyole (Mbeya)

Shikamoo mzee. Nakubali kuhusu mtani, na sikuwa nimelifikiria kwa namna hiyo. Hata hivyo naomba nipinge kidogo. Kama kila mtu angeambiwa mapema, bibi asingesalimia mara tatu. Angepita akitengeneza kitenge chake kwa ajili ya kamera. Kuna ukweli ambao hupatikana kabla mtu hajajua kwamba anatazamwa, na sanaa hii imeishi na tatizo hilo tangu mwanzo: huyohuyo Acconci, mwaka 1969, kila siku alichagua mtu asiyemjua katika mitaa ya New York akamfuata hadi alipoingia mahali pa faragha. Kazi ile husifiwa vitabuni, lakini mimi kama mwanamke siwezi kuisoma bila kusikia hatua nyuma yangu.

Ipo pia njia ya pili. Mwaka 2002 msanii Francis Alÿs aliwaita watu 500 waliojitolea, nje kidogo ya jiji la Lima nchini Peru, akawapa makoleo na kuwapanga mstari mmoja ili wausogeze mchanga wa kilima kwa kiasi cha sentimita kumi hivi. Wote walijua wanachofanya, wote walijua kwamba kamera zipo, na video ile haikupungukiwa na ukweli hata kidogo. Jasho halina uigizaji. Na kwa hapa nyumbani, Mwanafunzi, tafuta kazi za Rehema Chachage. Ni Mtanzania anayetumia video, sauti na maandishi, na kazi zake nyingi zinatokana na masimulizi na mila za wanawake wa ukoo wake, ambao huwashirikisha katika kazi yenyewe. Hapo bibi hashtukizwi langoni.

Fundi Picha wa Mafiati (Mbeya)

Naomba niwe mfupi, kwa kuwa wakubwa wamesema. Mimi hurekodi harusi na mikutano, na sanaa ya namna hii nimeifanya mara mbili tu.

Mlinzi alikuwa na haki ya kuuliza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inadai kibali kabla ya kurekodi filamu, na mlinzi hana namna ya kutofautisha filamu ya kuuza na sanaa ya mwanafunzi anayeshika gunia. Zungumza kwanza na ofisi ya utamaduni ya halmashauri na uongozi wa soko, uwe na barua mfukoni. Vilevile tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mtu akitambulika kwa sura na sauti kwenye video yako, usijifariji kwamba kwa kuwa alikuwa njiani basi sura yake ni ya umma. Kwa wapita njia wa mbali wengi hawatalalamika. Kwa mtu aliyekushika mkono na kukuuliza kama umekula, utahitaji ridhaa yake, na uiombe ana kwa ana.

Jambo la pili ni sauti. Simu iliyokuwa ng'ambo ya njia imechukua bodaboda na mashine ya kusaga, nina uhakika huo bila kuisikiliza. Salamu ndiyo moyo wa kazi yako na huenda haisikiki kabisa. Safari nyingine ficha simu ya pili ndani ya gunia, irekodi sauti tu. Ikikosekana sauti, andika maneno ya salamu chini ya picha, yabaki "Kamwene" bila tafsiri.

Mwanafunzi wa Kihesa (Iringa)

Nawashukuru wote, na nimechelewa kurudi kwa sababu nilienda kwanza kumtafuta bibi.

Jumamosi ya kwanza sikumpata. Ya pili nilimkuta anauza maharage upande wa nyuma wa soko, na kabla sijafungua mdomo alisema kwa jirani yake, "Ni huyu, amepona." Nilimsalimia, nikapiga goti, nikamweleza yote, pamoja na kamera. Nilidhani atakasirika. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza viazi vyake nilivifanyia nini. Nikasema nilivila. Akasema vizuri, kwa maana alikuwa akifikiri kwamba nilivitupa pamoja na maganda.

Nilimwonyesha video kwenye simu, sehemu yake tu kwanza, kisha akataka kuiona tangu mwanzo. Aliitazama dakika 26 bila kuinua kichwa, huku wateja wakihudumiwa na jirani. Alimtambua karibu kila mtu aliyepita: huyu ni mke wa fulani, huyu ana deni langu, huyu mtoto ni wa dukani. Alipofika kwa yule wa ganda la ndizi alitaja jina lake na la baba yake, akasema atamsema. Nikaanza kuelewa kwamba kile nilichokuwa nikikiita wapita njia, kwake hakipo.

Amekubali sura yake ionekane, kwa sharti kwamba isionekane peke yake bila ya wengine, asije akaonekana kama mwanamke anayetafuta sifa. Kwa hiyo sitaikata ibaki dakika tatu. Nimeamua video ibaki na dakika zake 41, na sauti mpya iwe ya bibi akiwataja watu wanavyopita, kwa ukoo na kwa deni, kadiri atakavyoruhusu na wao watakavyoruhusu. Jumamosi ijayo nitarudi kurekodi, safari hii kamera ikiwa kwenye meza ya maharage mahali ambapo kila mtu ataiona. Dada, mgongo wangu utaelekea huko. Fundi, ulisema kweli: "Kamwene" haisikiki, ni mashine tupu.

Fundi Picha wa Mafiati (Mbeya)

Kama sauti mnarekodi sokoni, nenda mapema kabla mashine hazijawashwa, na maiki iwekwe karibu na bibi, isiwekwe karibu na maharage, kwa kuwa akiyachota utasikia kishindo kama mawe juu ya bati. Na watu wanaotajwa madeni yao, anza na hao kuomba ridhaa.

Mzee wa Tukuyu

Na yule wa ganda la ndizi naye ukamsalimie.